Hema Uani kwa Mama Mkwe

Siku niliyoukata mpini wa mswaki wangu kwa kisu cha mkate, mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Sasa huo utaushikaje, kwa kucha?" Nikamwambia asicheke, safari ya baiskeli haitaki mizigo, kila kitu unachobeba utakipandisha mwenyewe kilima cha Pugu kwa mapaja yako. Akaniambia basi ninyoe na masharubu, nayo yana uzito. Huyo ndiye mke wangu. Nilimnunia kama dakika moja hivi, halafu nikacheka na mie.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Mama yake anaishi peke yake shambani, mbele ya Kisarawe, kwenye nyumba ya chumba na sebule. Kwa mila za kwao, na yule mama hana utani na mila, mkwe wa kiume halali chini ya paa moja na mama wa mkewe. Hata kizingiti havuki. Tukienda kumsalimia, mie nakaa kwenye benchi uani, chakula naletewa huko huko, na mama haongei nami moja kwa moja. Anamwambia binti yake, binti ananiambia mie, hata kama nimesikia kila neno. Nami najibu kwa njia hiyo hiyo.

Mtu atauliza, si ulale kwa jirani? Hataki. "Watu watasema nimemfukuza mkwe wangu." Basi binti aje peke yake alale? Hilo ndilo hataki kabisa kabisa. "Mke wa mtu akija kulala kwao bila mume, kijiji kizima kitasema ndoa imeingia mdudu." Haya, kaa na hiyo. Kwa hiyo tangu tuoane, mke wangu hakuwahi kulala kwa mama yake hata usiku mmoja. Tulikuwa tunakwenda asubuhi, tunaondoka na basi la alasiri, naye anageuka dirishani kutazama nyuma mpaka shingo inamuuma.

"Mie natamaniga niamke tu kwa mama," alikuwa akiniambia. "Niamke nimsikie anakoroga uji. Basi." Ningemjibu nini? Iliniuma. Nilikuwa nakasirikia mila, nakasirikia ile nyumba kwa udogo wake, nakasirikia hata dereva wa basi ambaye maskini hakuwa na kosa lolote.

Basi Jumamosi moja niko Ilala kwenye mitumba, natafuta suruali ya kazi, nikaona hema dogo limening'inizwa katikati ya makoti mazito ya baridi ambayo sijui Dar nzima atayavaa nani. Nikasimama. Hema si nyumba ya mama. Halina paa la mama wala ukuta wake. Ukilisimamisha uani, umelala kwake na hujalala kwake! Nilitaka kuruka pale pale, ila ukionyesha furaha mbele ya muuza mitumba umekwisha. Nikakunja uso.

"Hiki nini, chandarua?"

"Hema hilo braza, mali safi, la watu wawili."

"Mbona limechakaa?"

"Limechakaa wapi, braza? Wewe ndo umechoka na jua."

Tukavutana. Nilizifungua na kuzifunga zipu zote, kwa sababu hema lenye zipu mbovu ni la kufugia mbu. Nikazikagua fimbo zake, za alumini, nyepesi, zinaingiliana kama za mwavuli. Nikaingiza kichwa ndani kutafuta tundu. Vigingi hakuwa navyo, nikajifanya nimekasirika sana kwa ajili ya vigingi, akashusha bei. Moyoni nilishasema nitavichonga shambani, miti ipo. Nilirudi kwetu Kiwalani na hema langu kwapani na suruali sikununua.

Mke wangu alielewa lilikuwa la nini. Alilishika, akalinusa, akaenda kumpigia mama yake simu. "Mama, tunakuja na nyumba yetu." Nilisikia sauti ya yule mama upande wa pili: "Njooni nayo niione kwanza." Hakukubali wala hakukataa.

Kwa nini tusipande tu basi na hema letu? Kwa sababu basi ndilo lililokuwa likituondoa pale miaka yote. Lina saa zake, linapiga honi, mtu anaaga huku anakimbia. Nilitaka tufike kwa miguu yetu, tusiwe na haraka na mtu. Na ukweli mwingine, mie napenda baiskeli. Ninayo moja ya mtumba ya Kijapani yenye gia, na mke wangu ana yake ya kikapu mbele ambayo kila siku anaendea chekechea anakofundisha.

Mie ni karani wa stoo, kupima vitu ni ugonjwa wangu. Kila jioni nikawa nabeba vifaa vyangu hadi Kipawa, kwenye duka la mzee mmoja Mwarabu ambaye ukoo wao umeuza sukari pale toka enzi za babu yake, maana ana mizani ya kuaminika.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, bwana karani. Leo umeleta nini, tupime au tununue?"

Mwanzoni alinitania, baadaye naye akanogewa. Tulipima kipande cha godoro la sponji na mkeka wa mazoezi ya viungo, mkeka ukashinda. Tulipima blanketi na kikoi, kikoi kikashinda. Nilileta sufuria mbili, akairudisha moja kwenye mfuko wangu. "Chai na wali ni ndugu, vyote vitapikwa humu humu." Wateja walikuwa wanasubiri unga wao, sie tunabishana juu ya kijiko. Mifuko ya kufunga pembeni ya keria alinishonea fundi viatu kwa turubai kuukuu, na sikuona tena haja ya kununua ile ya dukani.

Kisha nikaweka kwenye mizani kifuniko cha hema. Hema lile lilikuwa na vipande viwili: lenyewe, na kifuniko cha nailoni kizito cha kuvishwa juu. Kifuniko kilikuwa na uzito karibu sawa na hema.

"Hiki cha nini?" mzee akauliza.

"Cha mvua."

"Na mvua ipo?"

Tukatazama nje, jua la kiangazi linachoma bati. Tukatazamana. Nikakiweka pembeni, nikajiona nina akili za ajabu.

Mke wangu hakukubali. "Kibebe."

"Nikibebe cha nini na jua lote hili?"

"Sijui. Kibebe tu."

Mie huyo, nikakitupa juu ya kabati. Yeye mwenyewe kabeba chupa ya chai, sukari, sabuni za miche na doti ya khanga ya mama, kwa sababu mkono mtupu haulambwi, na juu ya hivyo sikuthubutu kufungua mdomo. Kumwambia mtoto wa kike apunguze zawadi za mama yake ni kutafuta ugomvi.

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Jamani, raha! Gongo la Mboto watu ndio kwanza wanapanga mihogo ya kuchoma, tukala tukiwa tumesimama na baiskeli katikati ya miguu. Kilima cha Pugu nilikipanda nikihema mdomo wazi, na karibu na juu nikasikia kengele nyuma yangu: kring, kring. Mke wangu huyo ananipita na kikapu chake, na chupa yake ya chai, na sabuni zake. "Pole, bwana mwepesi!" Baada ya Kisarawe barabara ikawa ya vumbi jekundu, tukawa tunaimba nyimbo za kwaya, yeye sauti ya kwanza, mie naharibu ya pili. Sikumbuki lini nilifurahi vile nikiwa nimechoka vile.

Tulifika mchana umeanza kulegea. Mama alitupokea kama kawaida, binti kwa kumkumbatia, mie kwa salamu ya mbali huku ametazama mihogo yake aliyoianika kwenye turubai. Nikachonga vigingi, nikasimamisha hema katikati ya uani, nikarudi nyuma hatua kadhaa kulitazama.

Mungu wangu. Lilikuwa neti tupu, kutoka juu mpaka chini. Nyumbani nilikuwa nimelijaribu juu ya kitanda, mapazia yamefungwa, nikaona raha: hewa inapita, mbu haingii, mtu utake nini zaidi? Sikufikiria hata mara moja kwamba nje kuna watu wenye macho. Mke wangu aliingia kutandika mkeka, nikamwona kila kitu, mpaka bangili mkononi. Na humo ndimo nilale mie, na singlendi, mdomo wazi, asubuhi mama mkwe anatoka na ndoo yake! Afadhali nivuke kizingiti mara kumi kuliko aibu hiyo. Kile kifuniko hakikuwa cha mvua peke yake, kilikuwa ndio ukuta.

Mke wangu akatoka, akaona ninachokiona. "Si nilikwambia ukibebe?" Hakupiga kelele, na bora angepiga. Machozi yalikuwa yamemjaa. Alianza kukunja vile alivyotandika, taratibu, kama anavyofungasha siku zote basi likikaribia. Nilijiona mjinga kuliko wajinga wote wa Kiwalani.

Mama akatokea kwenye kona ya nyumba. Alilitazama hema mara moja tu, akageuka akatupa mgongo.

"Mwambie mwenzio," akamwambia binti yake, "mkwe wangu simlazi kwenye tenga kama kuku."

Akaondoka. Mke wangu akaketi chini palepale. Mie nikaanza kung'oa kigingi cha kwanza, na jua ndilo hilo linashuka, na safari yote ya kurudi iko mbele yetu.

Mara nikasikia kitu kinaburutwa. Mama alikuwa anarudi kinyumenyume, ameinama, anavuta lile turubai lake kubwa la kuanikia mihogo. Analivuta, anapumzika, analivuta tena, uso ameupeleka upande mwingine muda wote. Nilitaka kukimbia kumsaidia, nikakumbuka siwezi kumkaribia vile, nikabaki nachezacheza mahali pamoja. Akalibwaga, akarudi nyuma ya kona.

"Mwambie afunike."

Nikalinyanyua. Uzito wa lile turubai ulizidi hema, mkeka, sufuria na mswaki wangu wote kwa pamoja. Vumbi la makopa likanimwagikia kichwani nikawa mweupe kama nimeanguka kinuni, nikapiga chafya tatu mfululizo. Mke wangu machozi bado yanamtoka, akaangua kicheko.

Sasa mie mdomo wangu haunyamazi. "Mwulize mama," nikasema, "na turubai hili si lake? Nikilala chini yake, si nimelala chini ya—" Mke wangu akanifinya mbavuni, nikaruka. Nikajisemea: kwa nini unauliza, wewe mwanamume? Funga mdomo ulale! Nikajua nimeharibu.

"Mwambie," sauti ikaja, "turubai halina kizingiti."

Halafu akacheka. Sikuwahi kumsikia mama mkwe wangu akicheka, ni kicheko chembamba cha msichana, hakimalizi haraka. Kumbe na yeye alikuwa akiutaka usiku huo miaka yote, na hakuwa na pa kuanzia. Nililifunga turubai kwa kamba kila upande, nikala ugali wangu na kisamvu pale benchini, na giza lilipoingia mke wangu akaingia nyumbani kwa mama yake akafunga mlango. Mie nililala fofofo.

Niliamshwa na mwiko kwenye sufuria. Uji ulikuwa unakorogwa, na juu ya sauti ya mwiko palikuwa na sauti ya mke wangu anasimulia jambo, anasimulia na kudeka, sauti ambayo nyumbani kwetu sijawahi kuisikia. Nikalala pale nasikiliza. Sikuona haya kulia, hakuna aliyekuwa ananiona.

Lakini kesho yake, Jumatatu, ilikuwa kazi. Nikavaa vizuri, nikatoka, nikafungua kamba, nikaanza kung'oa vigingi. Nilikuwa nimeving'oa karibu vyote mke wangu alipotoka na bakuli la uji, amejitanda khanga mpya ya mama yake kichwani. Akaweka uji kwenye benchi, akaivuta khanga.

Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umesukwa twende kilioni, mistari myembamba imenyooka, safi. Upande wa pili nywele zilikuwa zimesimama zote kama zilivyo.

"Mama anasema mkono wake umechoka," akaniambia. Alikuwa anajitahidi asicheke na hawezi. "Upande wa pili atausuka leo usiku."

"Leo usiku? Si tunaondoka sasa hivi?"

"Nimemwambia. Anasema basi niende, nipite Gongo la Mboto na kichwa hiki."

Ndani ya nyumba mwiko ulikuwa umenyamaza. Nikautazama upande uliosukwa, nikautazama ule mwingine, nikampigia bosi wangu simu kuomba ruhusa ya siku moja. Kisha nikaokota jiwe, nikavigongelea vigingi vyote upya.