Maua ya Karatasi ya Bi Rozalina

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Chake Chake kabla umeme haujafika kila mlango, taa ilikuwa kazi. Ikatwe utambi, ifutwe chemni, kile kioo chake, kwa jivu, itiwe mafuta bila kumwaga hata tone. Vijana wa leo wanabonyeza ukuta tu, na umeme ukikatika robo saa wanahema kama samaki aliyetupwa mchangani. Sisi tulicheza mdako na nage mpaka adhana ya Magharibi, tukarudi ndani tunanuka karafuu, kwani mwezi wa Disemba kila uwanja ulikuwa na majamvi ya karafuu, na mtoto hakukaa bure, alichambua.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Fundi Kaetano, Mgoa mshona suruali, na mkewe Bi Rozalina, ambaye alitarizi maua kwenye foronya mpaka ukatamani kuyanusa. Binti yao Filomena tulilingana, miaka kumi hivi. Kila Krismasi Fundi alitundika mlangoni nyota moja ya karatasi yenye kibatari ndani, na Bi Rozalina alituletea keki ya nazi akimwambia mama maneno yale yale ya kila mwaka: "Haina kitu cha haramu, Bi Mwanaisha, kuleni." Idi ikifika, mama naye alimpelekea tambi na visheti.

Mwaka huo macho ya Bi Rozalina yalikuwa yakimwacha. Daktari wa Unguja alishasema hayana dawa. Sindano aliiweka chini tangu kabla ya Ramadhani, akawa anakaa barazani mikono mitupu mapajani. Siku moja alisema anachokiona bado ni rangi nyekundu na manjano, tena ziwe na mwanga. Filomena alilishika neno hilo. Jioni ile ile alikuja kwetu jikoni, akachora kwa mkaa juu ya karatasi ya mfuko wa unga: mbele ya nyumba yao yote, kuanzia mlango mpaka ubavuni, itundikwe maua. Yawe maua ya mtarizo wa mama yake, makubwa kama sinia, mekundu na manjano matupu, na kila ua liwe na kibatari chake.

Niliogopa mama angenikataza. Akayatazama yale machoro, akasema, "Nenda kansaidie. Kunsaidia jirani mzigo wake si kusali sala yake." Kisha akatoa vibatari vyetu viwili vya akiba.

Tulifanya kazi wiki tatu, uani kwetu, ili Bi Rozalina asisikie. Tulipasua fito nyembamba, tukazikunja na kuzifunga kwa uzi wa Fundi. Tulibandika karatasi za rangi za kuundia tiara kwa gundi ya unga wa muhogo. Vidole vilichanika, gundi ikatuganda mpaka kwenye nywele. Filomena alizitoa foronya kabatini akizihesabu petali, na kila ua lililokosewa alilichana, likaanzwa upya. "Mama atalijua," alikuwa akisema. Alipanga hata kiti cha mama yake kikae wapi, ng'ambo ya njia, ili ayaone yote kwa pamoja.

Jioni ya mkesha wa Krismasi, baada ya Magharibi, Fundi alikuwa ameyafunika maua kwa shuka mbili. Tulimshika Bi Rozalina mikono, tukamvusha njia, tukamkalisha. Majirani walikuwa wamekusanyika. Fundi akazivuta shuka zikaanguka, watu wakasema mashaallah kwa uzuri wa ile kazi, watoto wakapiga makofi wakiimba, "Maua! Maua ya Bi Rozalina!"

Bi Rozalina akaunyanyua uso. "Nayaona," akasema. "Mekundu, na manjano. Kama yangu hasa. Mmenifurahisha, mwanangu."

Hakuna kibatari hata kimoja kilichokuwa kimewashwa. Fundi Kaetano alisimama na kiberiti mkononi. Filomena alimtazama baba yake, kisha akainama kwenye bega la mama yake na kusema, "Nimefurahi umeyapenda, mama." Fundi akageuka, akaanza kuwasha, ua moja baada ya jingine, polepole, mgongo wake kwetu. Yaliwaka yote. Sijaona tena nyumba nzuri kama ile.

Tulipokwenda ndani kuchukua sahani, Filomena alinishika mkono. "Usimwambie mama kwamba hayakuwa yamewaka." Nikaapa.

Nikampelekea Bi Rozalina keki yake kitini. Alinishika vidole, akavipapasa penye michubuko na gundi kavu. Akasema kwa sauti ya chini, "Nilisikia kiberiti baada ya kusema. Mnisamehe. Usimwambie Filomena." Nikaapa tena.

Mwaka wa pili wake walihama, wakaenda kwa jamaa zao Bombay. Barua moja tu ilinifika. Filomena aliandika kwamba mama yake amefariki, na kwamba faraja yake ni moja, kuwa aliondoka duniani akiamini ameyaona yale maua. Niliisoma mara nyingi. Nikaandika majibu, nikamwombea mama yake kwa Mungu, nikamuuliza hali ya baba. Lile neno la mama yake, la kiberiti, sikuliandika. Barua yangu sijui kama ilifika, kwani sikupata nyingine.

Siku hizi wajukuu zangu wakiwa na harusi huzungusha nyumba nzima vitaa vya rangi vilivyonunuliwa vimeshafungwa kwenye waya, vinawaka na kuzima vyenyewe. Vinapendeza, siwezi kusema uongo. Lakini hakuna anayeuliza aliyekaa kitini anaona nini. Nami kila vinapowashwa hujiuliza kama nilikuwa mwema kwa wale wawili, au niliwanyima kulia pamoja.