Saa ya Bei ya Mtamba

Simioni Nchagwa si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mnadani hufungua mdomo wa ng'ombe akatazama meno, humtembeza, humpapasa mbavu, na akigundua baadaye kilema kilichofichwa, humrudisha kwa aliyemuuzia mchana kweupe, bila aibu. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na Tarime nzima inamjua hivyo.

Basi fikiria mtu wa namna hiyo akiuza mtamba mwekundu, aliyekaribia kupandwa, ili anunue saa ya mkononi.

Saa ilikuwa ya binti yake Nyangi, mwenye miaka kumi na tisa, anayekimbia mbio ndefu katika vilima vya nyuma ya Sirari. Mwalimu wake wa riadha yuko Musoma na humwona mara moja kwa mwezi. Huyo ndiye aliyetaka saa ya gharama, ile inayopima mapigo ya moyo na kumtumia taarifa kwenye simu kila mazoezi yanapoisha. "Bila hiyo napika chakula nisichokionja," alimwambia Simioni. Beatrice, mke wa Simioni, aliona wote wawili wamerogwa. Sokoni kuna saa za elfu kumi na tano, alisema, na saa sita ni saa sita tu. Simioni aliuza hivyo hivyo, lakini roho ilimuuma, na kila asubuhi alipofungua zizi aliliona tupu ingawa walibaki ng'ombe tisa.

Siku ya tatu baada ya kuinunua saa, Nyangi akiwa amejinyoosha kwenye mkeka, baba yake alisogea kuichungulia ile saa. Kioo kilionyesha arobaini na moja.

"Hiyo arobaini na moja ni ya nini?"

"Mapigo ya moyo, baba. Kwa dakika moja."

Mwezi uliopita zahanati walimpima Simioni wakapata sabini na mbili. Iweje moyo wa msichana anayepanda kilima bila kuhema upige karibu nusu ya wa mzee? Saa ilikuwa na kilema, tena cha kufichwa.

Kesho yake alimchukua Nyangi wakaenda kwa Odoyo, aliyewauzia saa pale Sirari. "Ng'ombe mgonjwa hurudi kwa mwenyewe," alimwambia. "Nipe pesa yangu."

Odoyo hakubisha. Aliivaa mwenyewe: themanini na tatu. Akamvisha Simioni: sabini na mbili, kama ya zahanati. Akamkalisha Nyangi kwenye benchi, akamvisha: arobaini na mbili.

"Mzee, hii saa iko sawa," alisema polepole. "Pesa yako nitakurudishia ukitaka. Lakini huyu msichana mpeleke akapimwe kwanza."

Hasira ilimtoka Simioni, hofu ikaingia. Njia nzima ya kwenda zahanati alitembea nyuma ya binti yake akimtazama mgongo, akijiuliza ni mgonjwa wa namna gani aliyekuwa akimwachia akimbie.

Elieth, muuguzi wa zahanati, alishika kifundo cha mkono wa Nyangi macho yakiwa ukutani kwenye saa, dakika nzima. Kisha akamsikiliza kifuani.

"Unakimbia?"

"Kila siku. Kama kilomita ishirini."

"Mzee, hana ugonjwa," alisema Elieth. "Moyo wake umekomaa kwa mbio. Pigo lake moja linasukuma damu ambayo wako unaisukuma kwa mawili. Nina miaka kumi na sita kazini, na moyo kama huu nilikuwa nausoma vitabuni tu."

Akampa Simioni vifaa vyake vya kusikilizia, vile vya masikioni, naye asikilize. Simioni alisikia pigo moja, halafu kimya kirefu mpaka akaogopa kwamba la pili halitakuja. Likaja, zito, lisilo na haraka. Akashangaa kuliko alivyowahi kushangaa, na hakuvitoa vile vya masikioni hadi Elieth alipoviomba.

Waliporudi Sirari, Odoyo alikuwa ameshaziweka pesa mezani. Simioni alizisukuma zimrudie mwenyewe, akatoka bila kuzitazama.

Njiani Nyangi alimuuliza mbona analia. Miaka kumi na tisa moyo ule ulikuwa nyumbani kwake, yeye akiutuma kuchota maji na kuleta kuni, na hakuwahi kuujua.