Mnene wa Kwenye Jalada

Sisi tuliojalidia madaftari kwa magazeti tunajuana. Gundi yetu ugali uliopoa, na daftari likinyeshewa linanuka uchachu wiki nzima. Watoto wa leo wanapewa kompyuta na mfuko wake, na bado wanazipasua.

Nikiwa darasa la nne, Morogoro, padri Mholanzi aliyekuwa anarudi kwao alimwachia baba kitabu kilichochakaa cha katuni za kuwasema wakubwa, zilizochapwa kwao karne ya kumi na tisa. Baba alikuwa mlinzi wa shule yetu. Akachana ukurasa, akanijalidia daftari la Hisabati. Bwana mnene, kofia ndefu, amekalia mgongo wa mkulima anakula mkate. Kifungo kimoja cha tumboni kimekatika. Macho yake yalinifuata. Usiku nililaza daftari kifudifudi, asubuhi nalikuta limegeuka. Mama alisema ni panya. Panya gani huyo?

Siku diwani alipokuja kukagua, alisimama kwenye dawati langu. Akaitazama picha, mkono ukamwenda tumboni, kwenye vifungo.

"Nani amenichora?"

Baba akaitwa. "Mheshimiwa, aliyechora alikufa hata babu yako hajazaliwa. Umejuaje ni wewe?"

Daftari likachomwa. Baba akafukuzwa kazi. Mwaka mzima tulikula muhogo mkavu, na yeye akiikumbuka siku ile anacheka peke yake.

Sasa juzi, hapa ughaibuni, mtaa wa Gulfton, meneja wa nyumba tunazopanga kanigongea. AC imekufa tangu Juni, ukuta umeota ukungu, mwanangu mdogo anakohoa, kodi huyo bwana anapokea. Mkononi ana karatasi iliyokuwa imebandikwa mlangoni pa ofisi yake. Mnene, kofia ndefu, amekalia mgongo wa mwanamke. Kifungo kimoja hakipo.

"Who drew me?"

"I did," akajibu Neema wangu, miaka tisa.

Sijawahi kumsimulia. Na meneja havai kofia.

"Neema, kofia umeitoa wapi?"

"He had it on, Mama." Eti alikuwa ameivaa.

Meneja akasema atatutoa nje. Hapo hasira ikala woga. Nikamwuliza swali la baba, kwa Kiingereza changu kibovu: umejuaje ni wewe?

Mkono ukamwenda tumboni. Akaondoka na karatasi yake.

Neema amechora nyingine, na nimeibandika mwenyewe mlangoni pake, mchana kweupe. Barua ya kututoa nyumbani haijaja, huenda ikaja. Nikipita pale, macho yale yananifuata kama zamani. Zamani nilimlaza kifudifudi. Siku hizi namtazama.