Nyanya Iko Griftu

Kanisani kwetu Singida walipotangaza kwamba vijana sita watakwenda Kenya kutumika mwezi mzima kwenye makao ya watoto yatima, nilisimama wa kwanza, kabla hata sijaulizwa kama nina pasi ya kusafiria. Sikuwa nayo. Niliishia kidato cha pili, nashona sare za shule pamoja na mama mdogo, na miaka yote nikiwa kwenye cherehani kichwa changu huwa kiko safarini. Safari hii nilijiona nimezungukwa na watoto mia, nawafundisha nyimbo, na siku ya kuondoka wananing'ang'ania sketi wakilia.

Mji wa Garissa ulitupokea kwa joto la kuivisha chapati bila moto. Mama mlezi wa makao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, alitutazama na magitaa yetu.

"Karibuni sana. Nyimbo baadaye, kwanza kuna nguo za kufua. Na jueni, wengi wa watoto hawa ni Waislamu, jioni wanakwenda chuo cha Kurani. Mkitaka kuwaonyesha Yesu, waonyesheni kwa sabuni."

Basi nikafua. Na hapo kwenye kamba za nguo ndipo nilipompata rafiki.

Alikuwa binti wa miaka sita hivi, mwembamba, mwenye macho makubwa, anayekaa peke yake kivulini mwa tangi la maji. Mama mlezi alinieleza habari zake kwa sauti ya chini. Mama yake aliletwa hospitali ya Garissa kutoka huko Wajir, mgonjwa sana, na akafariki mtoto akiwa pembeni ya kitanda. Hakuacha karatasi wala namba ya simu ya ndugu. Wauguzi walimsikia akisema Kiborana, na mpishi wetu Msomali alijaribu Kisomali chake chote bila kujibiwa. Wiki kadhaa sasa yule binti hakuwa akisema na mtu.

"Ijumaa afisa wa watoto anampeleka makao makubwa Nairobi," mama mlezi alisema. "Akishapotelea kule, ndugu zake watampata wapi?"

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Sikumsemesha. Nilianika tu, huku naimba pole pole, na yeye akaanza kunipa vibanio kimoja kimoja. Jumanne, kibanio kikiwa bado mkononi, akanong'ona kwa Kiswahili cha shule ya chekechea:

"Nataka nyanya."

Nilitaka kuruka! Mtoto amesema, na amesema na mimi! Nilikimbia jikoni kama naokoa nyumba inayoungua, nikachagua nyanya nyekundu kuliko zote, nikaiosha, nikainyunyizia chumvi. Aliipokea kwa mikono miwili kwa adabu, akaitazama, akaiweka juu ya ukuta wa tangi.

"Si hii. Nyanya yangu."

"Haya mama, yako ikoje?"

Akafikiri. "Mzee. Iko na fimbo."

Nikajua imeiva sana na bado ina kikonyo chake. Nikamletea nyingine, laini, yenye kikonyo kirefu. Ikaungana na mwenzake ukutani.

"Nyanya yangu nakunywa chai mingi," akasema. Hapo nikadhani ananichezea, kama watoto wanavyochezea maneno.

"Sasa hiyo nyanya yako iko wapi?"

"Iko Griftu."

Jumatano asubuhi nikaomba ruhusa nikaenda sokoni. Nimeshakwambia kichwa changu kilivyo: njiani nilishaona bustani ya marehemu mama yake, mistari ya nyanya, na mtoto anataka kuonja kwao kwa mara ya mwisho. Machozi yakanitoka yenyewe barabarani.

Nilimkuta mama mmoja wa Kisomali ameketi katikati ya mboga zake.

"Shikamoo mama. Naomba nyanya za Griftu."

"Za wabi?"

"Griftu."

Akamgeukia jirani yake, wakacheka mpaka shungi zikawaanguka mabegani.

"Walaal, dada yangu, Griftu ya Wajir iko ngamia. Iko mbusi. Nyanya natoka hapa, shamba ya mto Tana. Wewe mtu ya wabi?"

"Tanzania."

"Aaa! Ndio maana. Kiswahili mingi, akili iko Tanzania." Akanisogezea kigoda. "Nani natuma wewe?"

Nikamweleza yote: mtoto wa Kiborana, mama aliyefariki, Ijumaa, na nyanya yake mzee yenye fimbo inayokunywa chai. Kadiri nilivyosema ndivyo kicheko kilivyomtoka usoni. Mwishoni akaweka kiganja mdomoni.

"Subhanallah. Wewe! Nyanya ni mama ya mama yake!"

"Huyo ni bibi."

"Bibi ni ya mwanaume! Bibi ya bwana! Nyanya ni mzee, mama ya mama. Mtoto nalilia mtu, wewe nabea yeye mboga!"

Nikakaa palepale kwenye kigoda. Nyanya yangu. Nikazikumbuka zile nyanya mbili ukutani, na mikono miwili iliyozipokea.

Yeye tayari alikuwa na simu mdomoni. Shemeji yake anapakia mbuzi soko la Griftu, na wafanyabiashara wa mifugo wale wanatumiana ujumbe wa sauti siku nzima. Sikuelewa maneno, nilisikia tu Griftu, Garissa, Griftu. Jioni akanipigia: ajuza mmoja wa Kiborana, mwenye fimbo, amekuwa akiuliza kila lori linalopita kama kuna aliyemwona binti yake mgonjwa na mjukuu. Hakujua walipelekwa hospitali gani. Lori la mbuzi litamleta.

Ijumaa gari la afisa lilifika kabla ya lori. Mama mlezi alimwelewesha, afisa akasema atasubiri, ila safari ni ndefu. Akapewa chai. Akapewa nyingine. "Na mandazi, jamani, hujala kitu," mama mlezi akawa anamwambia, huku macho yake yako getini. Kikombe cha tatu alikikataa, akasimama, akashika funguo.

Ndipo tuliposikia mbuzi.

Ajuza alishuka kwa fimbo kwanza, kisha mguu. Mtoto hakukimbia. Alitembea hadi kwake taratibu, akamshika nguo kiunoni, na hapo maneno yakamtoka, mengi, ya haraka, ya Kiborana, maneno ya wiki zote zile alizonyamaza. Yule mzee akaketi chini mavumbini akamsikiliza mpaka mwisho. Najua palikuwa na habari ya mama ndani yake, kwa sababu walilia pamoja. Afisa akarudisha funguo mfukoni, akaomba karatasi za kuandika upya.

Baadaye ajuza alikunywa vikombe vinne vya chai. Mtoto hakuwa ametia chumvi hata kidogo.

Aliyetia chumvi ni mimi. Yule mama wa sokoni alikuwa ametuma mfuko wa nyanya kwa dereva wa lori alipopita sokoni, na ujumbe kwamba nisije nikazipa shikamoo. Nikampa binti moja. Aliifuta kwenye gauni, akaegemea goti la nyanya yake, akaiuma, maji yakamtiririka mpaka kiwikoni.

"Hii pia nzuri," akaniambia.