Ng'ombe wa Mwanatatu na Tope la Mtongwe

Ukimtaka Mwanatatu Matano mchana, hukumfuata nyumbani kwake. Ulishuka kinamasini, nyuma ya mikoko ya Mtongwe, alikolisha ng'ombe wake.

Hakuanza kuwashusha huko kwa kupenda. Mwaka wa 1984 mvua zilikataa, nyasi za juu zikakauka, na ng'ombe wa majirani wakawa wanaanguka. Mumewe alikuwa amemwacha akaenda kuoa Kwale. Maziwa ndiyo yaliyowalea wanawe. Akawapeleka penye nyasi za maji ya chumvi. Wakala nyasi, wakala na machipukizi ya mikoko, wakapona. Mvua ziliporudi hakuwapandisha tena, maana kule hakuna aliyemfukuza.

Kakake, Mwidani, alilima mpunga katika bonde lililopakana na kinamasi hicho. Miaka ilivyopita aliona maji ya bahari wakati wa bamvua, ambayo zamani yalikomea mikokoni, yakiingia shambani mwake. Mpunga ukageuka manjano. Akamwambia dadake kwamba kwato za ng'ombe wake zimeshusha ardhi. Mwanatatu akamjibu kwamba bahari ni ya Mungu, haichungwi na mtu. Tangu hapo walisalimiana msibani tu.

Miaka ya tisini ilipoanza akaja Jerioth, binti wa bara aliyekuwa akichunguza mikoko. Alimwomba Mwanatatu ruhusa ya kuzungushia ua kipande kidogo, ng'ombe wasiingie. Mwanatatu hakuona ubaya. Binti akawa anakuja kila msimu, wanakunywa chai pamoja, anapima, anaondoka. Asubuhi moja alimwita, akadidimiza bomba la chuma ndani ya ua, kisha nje yake, akalaza chini udongo uliotoka. Wa ndani ulikuwa mweusi, laini, umejaa nyuzi za mizizi. Wa nje ulikuwa wa kijivu, mgumu, umepasuka.

"Huu mweusi, mama, ni majani na mizizi ya tangu zamani," Jerioth alisema. "Miti huvuta hewa ya ukaa, na tope lenye maji huifungia chini. Ng'ombe wakila machipukizi na kukanyaga, tope hukauka, ile mizizi ikaoza, hewa ikarudi juu. Ndipo ardhi inapodidimia."

"Basi kaka yangu alisema kweli."

"Alisema kweli, mama."

Mwanatatu alilishika lile tope jeusi hadi likakauka kiganjani. Kabla ya Ramadhani aliwauza ng'ombe wote kwa mchinjaji wa Changamwe, kisha akaenda kwa Mwidani kumtaka radhi. Mwidani alimkaribisha, akamsikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe," alimwambia, "lakini shamba nimeshaliacha."

Kinamasi kikaanza kupona. Machipukizi yalichomoza hata nje ya ua, na Mwanatatu akawa anashuka kuyatazama, mikono mitupu. Kisha, mwaka wa 1996, akatokea tajiri ambaye hakuna aliyemjua, ana hati ya kiwanja. Mikoko ikakatwa. Mashine ikafukua tope jeusi na kulirundika juani, na malori yakaleta kifusi cha machimboni kujaza shimo. Ua wa Jerioth uling'olewa siku ya kwanza. Binti alizunguka ofisini kulalamika, akaambiwa arudi wiki ijayo, na wiki iliyofuata vivyo hivyo.

Siku ya mwisho ya kazi hiyo, yeye na Mwanatatu walisimama pamoja barabarani, kwa kuwa askari wa kiwanja hakuwaruhusu kusogea. Lile rundo lilikuwa limekauka na kuwa vumbi.

"Mimi ulinionyesha tope, nikatoa ng'ombe wangu," Mwanatatu alisema. "Huyu ulimwonyesha?"

"Nilimwita, mama. Hakuja."

Siku hizi Mwanatatu anakaanga mihogo karibu na kivuko cha Likoni, na chai yake anainywa kavu, bila maziwa. Wateja wa zamani wakimuuliza habari za ng'ombe, husema waliibwa. Hataki kueleza kwamba aliwatoa kwa hiari yake.