Nilipopiga Magoti Kwenye Tope, Kwaya Ikaimba

Ndugu zangu, aibu hii ya harusi ya mjukuu wangu Nakunda naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wanakwaya, maana wale wakisimulia huongeza chumvi.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na gari la kukodi, refu, limejaa maua, likashindwa pale Maore barabara inapoanza kupanda mlima, na huko juu kanisani mchungaji ametuma ujumbe kwamba atatusubiri kidogo tu, ana ndoa nyingine usharika wa jirani. Nakunda akaanza kulia na shela lake. Mimi (Mungu anisamehe) moyoni nikafurahi, maana kigari changu cha fowili, kile kifupi ambacho watani wangu hukiita kiberiti, kilikuwa kimepata siku yake.

"Panda, mjukuu wangu," nikasema. "Hiki hakijui tope."

Sasa, kigari chenyewe ni cha zamani. Ukitaka magurudumu ya mbele nayo yavute, sharti ushuke uzungushe loki zilizo katikati yake kwa mkono, moja huku na nyingine huku, ndipo uvute gia ya fowili. Nami nilikuwa na suti mpya. Nikajiambia gia peke yake itatosha.

Haikutosha. Kwenye kona ya kwanza tukaanza kurudi kinyumenyume, taratibu, kwa heshima zote, mpaka ndani ya shamba la tangawizi la watu. Wanakwaya waliokuwa wakipanda kwa miguu wakaja kusukuma, nikakanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yakawarushia tope kuanzia majoho hadi meno (walikuwa wanasukuma huku wanaimba).

Mke wangu, aliyekaa nyuma na Nakunda, akaniuliza kwa ule upole wake unaouma, "Baba Eliamini, loki umefunga?"

"Tulia kwanza, mama."

"Bibi, hajafunga huyu!" Nakunda akamwambia bibi yake. "Mwangalie anavyotoka jasho!"

Nikashuka. Nikapiga magoti kwenye tope na suti yangu, nikashika loki. Nyuma yangu nikasikia, "Shii! Mzee wa kanisa anaomba!" Wote wakainamisha vichwa, mama mmoja akaanzisha pambio. Nikahamia upande wa pili nikapiga magoti tena, wakazidisha sauti. Nikaifunga na ile loki ya pili.

Nikaingia, nikavuta gia, na kigari kikapanda kama mbuzi, kona baada ya kona, vigelegele vikitufuata, na tulipofika tukamkuta mchungaji mlangoni ameshika ufunguo wa pikipiki yake. Akaurudisha mfukoni. Ndoa ikafungwa, Bwana asifiwe!

Jioni mshereheshaji akanisimamisha mbele ya wakwe niwafundishe ile sala ya kunasua magari.

"Jamani," nikasema, "nilikuwa nafunga loki."

Walicheka mpaka bwana harusi akamwaga soda.

Tangu hapo, hata niwe nimevaa nini, mlima ukianza nashuka na kupiga magoti. Na wapita njia wakiinamisha vichwa, nawasubiri wamalize, naitikia amina, naondoka.