Doa la Kwenye Kona

Shangazi yangu ni mchapaji wa picha, na mtaa mzima unamwita Bi Safi, maana yeye na uchafu ni paka na panya. Kabla ya kuchapa huikuza picha kwenye kompyuta, akaipekua kipande kwa kipande na kufuta kila chembe ya vumbi. Hapo humwambii kitu.

Picha iliyomtoa kimasomaso ilikuwa ya barabara asubuhi, mvua imetoka kunyesha. Aliichapa mamia kwa mamia. Iko saluni, iko zahanati, iko hata juu ya kitanda changu. Aliipenda mno, ila ile yenyewe, ya rangi na brashi, hakuwahi kuitia machoni.

Mwezi uliopita mchoraji wake akafanya maonyesho, na shangazi akanikokota. Nilishangaa jinsi picha ilivyo ndogo, haizidi sinia, na rangi imevimba hapa na pale mpaka vidole vinawasha kuigusa. Shangazi alisogea akitabasamu, kisha akanywea. Kwenye kona, mwisho wa barabara, palikuwa na doa jeusi. Doa lina miguu. Lina na mwavuli. Alikuwa amelifuta kwa miaka sita.

Mchoraji, mama mtu mzima mwenye miwani, alikuwa amesimama pale pale. Nilimnong'oneza shangazi tujiondokee zetu, akakataa. Idhini ya kuchapa ilikuwa mikononi mwa yule mama, na angeweza kuifuta siku hiyohiyo. Hata hivyo shangazi alimweleza yote.

"Yule ni mama yangu," mchoraji akasema. "Anatoka zamu ya usiku."

Shangazi akaangua kilio. Mchoraji naye akaangua kicheko, akacheka mpaka akavua miwani. Miaka yote, kila alipomkosa mama yake kwenye nakala, alidhani mashine ndiyo haioni vizuri, kumbe kuna mtu anaona kupita kiasi.

"Endelea kuchapa, dada," akasema. "Ila mwache mama apite."

Nilifurahi kama nimesamehewa mimi. Shangazi akawabadilishia wateja picha zao, mmoja baada ya mwingine. Juzi msusi wa saluni akairudisha mpya, eti ina uchafu. Shangazi akampa kioo cha kukuzia. Msusi akainama, akaichungulia ile kona.

"Mama wa watu, anakwenda wapi alfajiri yote hii?"

"Haendi," shangazi akamjibu. "Ndiyo anafika nyumbani."